Tineja atafanya nini na ukurasa huu? Jinsi jarida la muziki la vijana linavyosanifiwa na kupangwa

Mtu anayetaka kuanzisha jarida la muziki kwa ajili ya matineja aghalabu huanza na jina, nembo na orodha ya wasanii anaowapenda yeye mwenyewe. Baada ya hapo kurasa hujaa habari ambazo msomaji alishaziona kwenye simu, picha zilizokwisha kuzagaa mitandaoni, na mahojiano ambamo msanii anarudia majibu aliyoyatoa redioni. Jarida linatoka likiwa na sura nzuri, na lisipotoka tena hakuna anayeuliza limeenda wapi.

Kazi hii inatatiza kwa sababu kila uamuzi unabeba mwingine mgongoni. Idadi ya kurasa hutegemea jinsi karatasi inavyokunjwa. Karatasi hugusa gharama, gharama hugusa bei, na bei inakutana na msomaji ambaye mara nyingi hana kipato chake. Umri wa msomaji huyo huyo ndio unaoamua lugha, maswali ya mahojiano, aina ya matangazo, hata ukubwa wa herufi. Njia ninayoiamini ni kuubana kila ukurasa kwa swali moja: tineja atafanya nini nao? Ataukata na kuubandika ukutani? Ataimba nao? Atabishana na rafiki yake juu yake? Atajaribu kitu kwenye gitaa, ataandika barua, atatuma mchoro? Ukurasa ambao jibu lake ni "atausoma tu" una haki ya kubaki pale tu habari yenyewe inapokuwa na uzito.

Tineja yupi?

Neno tineja linabeba miaka 13 hadi 19, na hakuna jarida moja linaloweza kuwatumikia wote hao sawasawa. Wa miaka 13 ndiyo kwanza anaanza kuchagua muziki wake. Anataka kujua msanii ni mtu wa namna gani, anapenda mabango, chemshabongo na maswali ya kujipima. Wa miaka 17 ameshachagua upande wake. Anataka kujua nani alitengeneza mdundo, kwa nini albamu fulani ilibadilisha mambo, na yeye anawezaje kuanza kurekodi akiwa chumbani kwake. Ukiwaweka pamoja, mdogo atachoka na mkubwa ataona anachukuliwa kama mtoto.

Kwa hiyo chagua kipande cha miaka mitatu au minne, ukijua kwamba vijana husoma juu ya umri wao. Jarida linalosema wazi ni la miaka 17 litasomwa pia na wa 14, kwa sababu wa 14 anatamani kuwa 17. Kinyume chake hakitokei: wa 17 hatashika hadharani kitu kilichoandikwa kwa ajili ya wa 14.

Namna ya kumjua msomaji huyu ni kukaa naye. Usimwulize "ungependa jarida la aina gani?", maana atakujibu kwa adabu na jibu halitakusaidia. Mwulize wiki iliyopita alisikiliza nini, wimbo wa mwisho aliomtumia mtu ni upi na alimtumia kwa nini, ukutani kwake kuna nini, na ni ubishi gani wa muziki uliowahi kumkasirisha. Majibu ya maswali hayo yana majina, siku na hisia, na kila moja linaweza kuzaa ukurasa.

Majarida yaliyotangulia yalimpa nini

Historia inafundisha hapa kuliko nadharia yoyote ya usanifu. Bravo lilianza kutoka Ujerumani Magharibi mwaka 1956, na mwaka 1959 likaanzisha bango la msanii lenye ukubwa wa mtu kamili, lililogawanywa vipande. Kila toleo lilikuja na kipande kimoja. Wa kwanza kutolewa hivyo alikuwa mwigizaji wa Ufaransa, Brigitte Bardot. Ili umpate mzima ilikulazimu ununue kila toleo bila kukosa, ukate, uunganishe, uning'inize. Ukiitazama kwa jicho la mpangaji, ni hila yenye akili nyingi: inauza matoleo yajayo, inampa msomaji kazi ya mikono, na inalipeleka jarida chumbani kwake, mahali ambapo rafiki zake wataliona.

Nchini Uingereza, Smash Hits la mwaka 1978 lilijijenga juu ya kitu rahisi zaidi: mashairi ya nyimbo zilizokuwa zinavuma. Wakati huo tineja aliyetaka kuujua wimbo neno kwa neno alikaa karibu na redio akiwa na kalamu na kubahatisha. Jarida likamwondolea taabu hiyo na kumpa kitu cha kuimba na wenzake. NME (New Musical Express), jarida la muziki la huko huko, nalo mwezi Novemba 1952 lilichapisha orodha ya kwanza ya nyimbo zinazouzwa zaidi nchini humo. Takwimu zilipatikana kwa kuyapigia simu maduka ya sahani za muziki na kuuliza kilichouzwa. Lengo mojawapo lilikuwa kuvuta matangazo ya kampuni za muziki, lakini msomaji alipata kitu cha kubishania kila wiki.

Intaneti ilichukua karibu yote hayo. Mashairi sasa yanapatikana bure, orodha hubadilika kila siku, picha ni nyingi kuliko macho. Smash Hits lilifungwa mwaka 2006, na NME likaacha kuchapisha toleo la karatasi la kila wiki mwezi Machi 2018. Wengine wanasoma matukio haya kama hukumu ya kifo kwa jarida lolote la muziki. Mimi nayasoma kama maelekezo. Kilichokufa ni jarida lililotegemea kuwa mlango pekee wa habari. Bado kuna mambo ambayo simu inayafanya vibaya: kuchagua vitu vichache na kusimama navyo, kuwa na mwisho, kutunzika, na kumwonyesha kijana jina lake limechapishwa kwa wino. Jarida la leo lijengwe juu ya hayo manne, na habari za papo kwa papo liziachie simu.

Ramani ya kurasa

Kabla ya kuandika chochote, chora ramani ya kurasa: karatasi moja kubwa yenye visanduku vidogo, kila kisanduku ukurasa mmoja, kurasa zinazotazamana zikiwa pamoja. Jarida linaloshonwa kwa pini katikati lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa kuwa karatasi moja iliyokunjwa mara moja hutoa kurasa nne. Kwa toleo la kwanza ningechagua 32. Zinatosha kubeba makala mbili nzito, na idadi hiyo huwafaa wachapaji wengi kwa kuwa mashine kubwa huchapa mafungu ya kurasa 8 au 16.

Katika jarida la kurasa 32, karatasi ya ndani kabisa hubeba ukurasa wa 15, 16, 17 na 18. Ule wa 16 na wa 17 ni upande mmoja wa karatasi hiyo, kwa hiyo picha inayotanda juu ya kurasa zote mbili hukaa sawa bila kupinda katikati. Mahali pengine popote kurasa zinazotazamana zinatoka kwenye karatasi mbili tofauti, na uso wa msanii unaweza kuruka milimita moja au mbili pua isikutane na pua. Ndiyo sababu bango huwekwa katikati: unafungua pini, unalichomoa, jarida linabaki zima.

Ila nyuma ya bango kuna ukurasa wa 15 na wa 18. Hapo ukiweka mwisho wa mahojiano makubwa, unamlazimisha msomaji achague kati ya ukuta na makala. Ukiweka bango jingine kwa nyuma, unampa mzozo mtamu ambao vizazi vya mashabiki wanaukumbuka: yupi atazame ukutani na yupi afichwe? Ukiwa na tangazo linalolipa vizuri, liweke hapo, maana hakuna atakayelililia. Ninapenda chaguo la bango lenye pande mbili, lakini wasanii wake wawe wa makundi tofauti ya mashabiki, ili ndugu wawili wa nyumba moja wasigombane bure.

Hesabu nyingine ya kuikumbuka: kurasa zilizo kwenye upande mmoja wa karatasi moja, ukizijumlisha, hutoa idadi ya kurasa zote na moja juu yake. Katika 32 jumla ni 33, kwa hiyo wa 4 unachapwa sambamba na wa 29, na wa 10 sambamba na wa 23. Ikiwa fedha inatosha kuchapa rangi kwenye baadhi ya karatasi tu, ramani hii ndiyo itakayokuambia makala ya ukurasa wa 10 ikipewa rangi, na wa 23 umepata bila gharama ya ziada.

Mpangilio wenyewe uwe na pumzi. Baada ya makala ndefu ya kurasa nne weka ukurasa wa vitu vifupi, kisha picha kubwa yenye maneno machache. Barua na michoro ya wasomaji mimi ningeziweka mbele, ukurasa wa 4 na wa 5, kabla ya msanii yeyote mkubwa. Majarida mengi huzificha mwishoni, na kwa kufanya hivyo humwambia kijana nafasi yake iko wapi. Wasomaji wengi pia hufungua jarida kutoka nyuma, kwa hiyo ukurasa wa 31 usiwe jalala la mabaki. Upe safu fupi yenye nguvu inayorudi kila toleo, kitu ambacho msomaji atakitafuta kwanza.

Jalada

Jalada linafanya kazi kwa sekunde chache. Kwenye rafu magazeti hupandiana, na mara nyingi kinachoonekana ni theluthi ya kushoto au ukanda wa juu. Jina la jarida likae juu, na maneno makuu mawili au matatu yaanzie kushoto. Msanii akimtazama msomaji machoni huvuta zaidi kuliko akitazama pembeni. Kichwa kimoja kiwe kikubwa waziwazi kuliko vingine. Vichwa sita vya ukubwa mmoja hupiga kelele na hakuna kinachosikika.

Maneno ya jalada yaahidi kitu kinachoshikika. "Mahojiano ya kipekee" hayasemi lolote. "Wimbo alioutupa mara tatu kabla ya kuurekodi" unasema, mradi ndani kweli kuna habari hiyo. Tineja aliyedanganywa na jalada mara moja huwaambia na wenzake. Acha pia nafasi ya msimbopau. Namba ya majarida ya ISSN ina tarakimu nane, na ikigeuzwa kuwa msimbopau wa tarakimu 13 huanza na 977. Kisanduku chake kiwe cheupe, kisiwekwe juu ya picha yenye michoro mingi kwani mashine haitausoma.

Ndani ya ukurasa

Usanifu wa matineja hauna maana ya kujaza rangi kila kona. Fonti mbili zinatosha: moja ya vichwa yenye tabia yake, nyingine ya maandishi ya kawaida inayosomeka bila kuchosha, kwa ukubwa wa pointi 9 hadi 10. Kwenye karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, makala ndefu hukaa vizuri kwenye safu tatu. Ukivunja mpango huo, uuvunje kwa makusudi kwenye ukurasa mmoja au miwili, ili uvunjaji uonekane.

Picha ndizo zinazowaponza wanaoanza. Kwa uchapaji mzuri picha inahitaji nukta 300 kwa kila inchi, na hilo maana yake ni kwamba picha ya kujaza ukurasa mzima wa A4 inatakiwa iwe na pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha iliyonaswa kwenye kioo cha simu chenye upana wa pikseli 1,080 itakupa upana wa sentimita 9 hivi, basi. Ukiivuta zaidi itaonekana kama imefunikwa na ukungu. Picha au rangi inayofika ukingoni mwa ukurasa ipitilize milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, vinginevyo kisu kikiteleza kidogo utaona mstari mweupe. Na zile rangi za kung'aa za kwenye skrini, hasa kijani kikali na buluu ya umeme, hufifia zikichapwa kwa wino wa rangi nne. Anayezihitaji kweli hulipia wino maalumu, tena kwenye jalada peke yake.

Maandishi meupe juu ya picha nyeusi hupendwa sana na wasanifu wa majarida ya muziki. Yatumie kwenye vichwa na nukuu. Ukiyatumia kwenye makala nzima ya herufi nyembamba, wino utaingia ndani ya herufi na msomaji ataacha aya ya pili.

Sauti ya jarida

Kosa kubwa kuliko yote katika majarida ya vijana ni mtu mzima kujifanya kijana. Misimu ya vijana hubadilika haraka, na kati ya kuandika na kutoka kiwandani zinapita wiki kadhaa. Neno lililokuwa moto siku ya kuandika linaweza kuwa la kuaibisha siku ya kuuzwa. Andika Kiswahili cha kawaida, chepesi na chenye furaha. Misimu iache midomoni mwa wenyewe: kwenye nukuu za wasanii, barua za wasomaji, na hakiki zilizoandikwa na vijana.

Jarida lenye sauti yake linaweza hata kubadilisha jinsi dunia inavyowaita watu. Mwaka 1996 jarida la Top of the Pops liliwapa wasichana watano wa kundi la waimbaji la Spice Girls majina ya utani, kila mmoja lake kulingana na tabia na mavazi, na majina hayo yakawafuata kila walikokwenda. Hayakutoka kwenye kampuni ya muziki. Yalitoka kwenye chumba cha habari kilichokuwa kinaangalia kwa makini kile ambacho shabiki mwenyewe angekiona.

Mahojiano nayo yanataka maswali yenye ncha. Mwulize msanii "albamu yako inahusu nini?" na utapata hotuba. Mwulize ni wimbo gani ulikataliwa kuingia kwenye albamu na nani aliukataa. Mwulize alipokuwa na miaka 15 alifanyia wapi mazoezi na nani alilalamika kelele. Mwombe akuonyeshe rekodi ya kwanza kabisa ya wimbo uliovuma, ile aliyoiimba kwenye simu, kisha eleza tofauti zake na wimbo uliotoka. Makala ya namna hiyo humfundisha msomaji jinsi wimbo unavyozaliwa, na pengine kesho yake atajaribu wa kwake.

Safu ya ushauri inahitaji uangalifu wa peke yake. Bravo lilipoanzisha safu yake maarufu ya Dr. Sommer mwaka 1969, jina hilo lilikuwa la kubuni, lakini aliyejibu barua alikuwa Martin Goldstein, daktari na mtaalamu wa tiba ya saikolojia. Kama huna mtaalamu wa kujibu barua za vijana wenye huzuni, hofu au maswali ya mwili, usifungue safu hiyo. Watakuandikia mambo mazito kuliko unavyodhani.

Ruhusa, watoto na matangazo

Mashairi ya wimbo ni mali ya mtunzi au mchapishaji wake, hata kama kila mtu anayaimba. Kuyachapa yote kunahitaji ruhusa ya maandishi. Picha ni mali ya mpiga picha, na kuwepo kwake mtandaoni si idhini. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ndio msingi wa ulinzi huu katika nchi nyingi, kwa hiyo kazi ya msanii wa nchi nyingine nayo inalindwa. Njia nafuu, na nzuri zaidi kwa jarida dogo, ni kupiga picha zako mwenyewe na kutumia wachoraji.

Chini ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wengi wa wasomaji wako wako humo. Anayeshinda shindano, anayehojiwa au kupigwa picha apate kibali cha mzazi au mlezi. Barua zichapwe kwa jina la kwanza na umri, bila shule wala makazi. Usiwahi kupanga ukurasa wa kutafuta marafiki wenye anwani za wasomaji, ingawa majarida ya zamani yalifanya hivyo.

Matangazo ya pombe, tumbaku na kamari yasiingie, na yaliyoingia yaandikwe neno "tangazo" kwa herufi zinazosomeka. Kampuni ya muziki ikilipia safari ya mwandishi wako, msomaji ajue. Kijana anajifunza kuhukumu muziki kupitia hakiki zako, na hakiki iliyonunuliwa inamwibia masikio yake.

Kalenda na majaribio

Panga ukianzia siku ya kutoka na kurudi nyuma: usambazaji, uchapaji, uhakiki wa nakala ya majaribio, usanifu, uhariri, picha, mahojiano. Mahojiano hutangulia yote na huchelewa kuliko yote, kwa hiyo kila toleo liwe na makala moja nzima ya akiba isiyotegemea msanii kupokea simu. Tazama pia kalenda ya shule. Toleo linalotoka wiki za mitihani hukutana na wasomaji wasio na nafasi, na linalotoka mwanzoni mwa likizo hupata mikono iliyo huru. Kila miezi mitatu ni mwendo unaobebeka kwa timu ndogo. Kila mwezi unahitaji watu wa kudumu.

Kabla ya kulipa kiwanda, chapa nakala moja kwa printa ya kawaida, ikunje, ibane pini, kisha iweke mezani mbele ya matineja watano usiowajua. Usieleze chochote. Angalia wanaanzia wapi, ukurasa upi wanauruka, wapi wanacheka, na nani anaomba kwenda nayo. Ukurasa walioupita wote watano bila kusimama uutoe, hata kama ni ule uliokugharimu zaidi, na nafasi yake uipe makala ya akiba.